Siri ya Mgonjwa ni Amana: Simu, Tiba na Biashara Mjini Mombasa

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi, wauguzi, wahudumu wa afya wa jamii, mafundi wa programu na wafanyabiashara waliokusanyika ukumbini Tudor, Mombasa. Waliokosa kufika wameomba kuisoma, nami naiweka hapa nzima. Picha na michoro niliyoionyesha ukutani nimeiacha.

Waheshimiwa wageni wetu, walimu wangu mlionitangulia, mama zangu wahudumu wa afya mliotoka Kisauni, Likoni na Changamwe, vijana wetu wanafunzi, na nyinyi ndugu zangu wafanyabiashara mliofunga maduka asubuhi hii ili mje kusikiliza: assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie utafiti unaounganisha mambo matatu ambayo vyuoni mwetu huwekwa katika majengo mbalimbali: huduma za afya, matumizi ya simu na kompyuta za mkononi, na maadili ya biashara. Anayesomea uuguzi hajuani na anayesomea programu, na wote wawili hawajawahi kuketi katika darasa la biashara. Lakini mgonjwa hana majengo matatu. Ana mwili mmoja, simu moja na mkoba mmoja, na vyote hivyo hukutana nyumbani kwake muda mrefu kabla ya kukutana katika maandishi yetu.

Niruhusuni basi nianze na nyumba moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kikundi kidogo cha watafiti tulioanza kuwatumia ujumbe wa simu wagonjwa wa presha na sukari katika mtaa mmoja wa Kisauni. Alasiri moja nilikwenda kumzuru bibi mmoja aliyekuwa miongoni mwa wagonjwa hao. Nilikuta nyumba ina wageni: walikuwa wamekuja watu wa upande wa mkwewe, wamekaa mkekani, sinia ya mahamri katikati, kahawa inamiminwa. Simu ya bibi, ile ndogo ya vibonye tunayoiita mulika mwizi, ilikuwa dirishani inachajiwa. Ikalia. Bibi yule anasoma msahafu bila kusita hata herufi moja, lakini herufi za simu hazijui, kwa hivyo, kama kawaida ya nyumba ile, mjukuu wake wa miaka tisa aliinuka, akaichukua, na kwa sauti ya mtoto anayejivunia kusoma kwake akasoma: «Mpendwa mgonjwa wa kisukari, kumbuka kumeza dawa zako na kufika kliniki siku ya Jumanne.»

Pakanyamaza. Bibi hakusema kitu. Alivuta leso yake akajifunika hadi karibu na macho, akamwambia mtoto airudishe simu dirishani. Baadaye nilifahamu kwamba hakuwa amemwambia mtu yeyote katika nyumba ile, hata binti yake anayempikia.

Ndugu zangu, hakuna aliyeidukua kompyuta yetu siku ile. Hakuna nywila iliyoibwa. Ujumbe ulifika kwa nambari iliyo sahihi na kwa saa iliyopangwa, na katika orodha ya fundi wetu uliwekewa alama ya kijani kwamba umepokewa. Kwa fundi, mfumo ulifanya kazi. Kwa daktari, ushauri ulikuwa sahihi. Kwa mfadhili, fedha zilitumika kama zilivyokusudiwa. Na bibi wa watu alifedheheka mbele ya wakwe zake, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa mkono wetu.

Tulikosea wapi? Swali hilo sijaliacha tangu siku ile, na yote nitakayosema leo yanatoka humo.

Tazameni kwanza jinsi wenzetu walivyolitatua jambo hilohilo, tena hapa hapa Kenya, kabla yetu. Kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008, katika kliniki tatu za nchi hii, watafiti wakiongozwa na daktari Richard Lester waliwaandikisha wagonjwa 538 waliokuwa wakianza dawa za kupunguza makali ya VVU. Waligawanywa kwa bahati nasibu: 273 walipokea ujumbe kila wiki, na 265 wakaendelea na matibabu ya kawaida. Kumbukeni zama zenyewe. M-Pesa ilikuwa imezinduliwa Machi 2007, miezi miwili tu kabla. Watu wengi walikuwa ndio kwanza wanaizoea simu kuwa chombo cha jambo lolote zaidi ya kupigiana.

Na ujumbe wenyewe ulisemaje? Haukusema «kumbuka dawa». Haukumtaja daktari. Ulikuwa neno moja la Kiswahili: «Mambo?» Basi. Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama «Sawa» ama «Shida». Aliyejibu «Shida», na aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Katika kundi lililoulizwa «Mambo?», asilimia 62 walisema wamezingatia dawa zao ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wale wengine. Na kwa kuwa ulimi unaweza kumpendeza daktari, walipima na damu pia: virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza, na asilimia 48 ya kundi la pili. Kwa neno moja la salamu!

Nimewasomea wanafunzi wangu tarakimu hizo mara nyingi, na kila mara wao hushangilia tarakimu. Mimi nashangilia neno. Kwa sababu lau mjukuu wa mgonjwa yule angelisoma kwa sauti mbele ya wakwe, mbele ya mwajiri, mbele ya abiria wote wa matatu, wangesikia nini? Wangesikia mtu anamjulia mwenzake hali. Siri ya mgonjwa ilihifadhiwa na uchaguzi wa neno kabla haijahifadhiwa na kompyuta yoyote. Hayo ndiyo maadili niliyokuja kuyazungumzia: yaliyomo ndani ya kazi yenyewe, katika herufi tano na alama ya kuuliza, si katika fomu inayotiwa saini halafu ikafungiwa kabatini.

Uko utafiti mwingine wa kuutia kando ya huo. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, upande wa Kisumu, wagonjwa 431 wa VVU walifuatiliwa kwa wiki 48, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Waliotumiwa ujumbe mara moja kwa wiki, asilimia 53 kati yao walifikia kiwango cha kumeza angalau asilimia 90 ya dawa zao. Wasiotumiwa chochote walikuwa asilimia 40. Na waliotumiwa kila siku? Hawakuwashinda wasiotumiwa chochote. Kila mama aliyewahi kulea anajua kwa nini. Neno likirudiwa kila siku huwa kelele, na kelele huzoewa.

Basi sisi, baada ya aibu ya Kisauni, tulifanya kama wanavyofanya watu waliosoma: tukaiga. Tukafuta ule ujumbe wetu mrefu, tukaweka «Mambo?» Na hapa Mombasa ikatufunza jambo ambalo sikulikuta katika jarida lolote.

Nilirudi kwa bibi yule kumwomba radhi na kumwuliza kama ujumbe mpya unamfaa. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole: «Mwanangu, huyu anayeniamkia 'mambo', mimi ni rika lake?» Kweli. Katika mji huu, ambamo kijana huinama akasema shikamoo, ambamo jirani hakupiti bila sabalkheri asubuhi na masalkheri jioni, kliniki ilikuwa ikimsalimia mwanamke wa miaka sabini kama wanavyosalimiana vijana kivukoni Likoni. Neno lililokuwa heshima kwa mgonjwa kijana lilikuwa utovu wa adabu kwake.

Na hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa katika jibu. Tulitaka «Sawa» au «Shida». Wazee wetu walijibu nini? Walijibu «Alhamdulillahi». Mwenye nafuu alijibu Alhamdulillahi. Aliyelala na presha ikimpiga kichwani usiku kucha alijibu Alhamdulillahi. Kwa sababu mtu wa huku akiulizwa hali hamlalamikii Mola wake kwanza. Hushukuru, halafu, ukiwa na subira, ukimngoja, ukamwuliza mara ya pili, ndipo akuambie: «Lakini mwanangu, miguu hii…» Programu yetu haikuwa na mara ya pili. Ilipokea Alhamdulillahi, ikaandika kwamba mgonjwa yuko salama, ikaendelea na mwengine.

Vijana wa programu, nawaomba mlishike hilo. Kompyuta haikudanganya. Mgonjwa hakudanganya. Lakini kati ya ukweli wa mmoja na ukweli wa mwengine palikuwa na uwongo ambao ungeweza kumwua mtu. Fundi aliyekulia katika nyumba ya Mombasa angeliliona kabla ya kuandika mstari wa kwanza, ila hakuna aliyemwuliza, kwa kuwa tulimwajiri kwa ajili ya programu yake, si kwa ajili ya malezi yake. Tulichofanya hatimaye ni jambo rahisi: aliyejibu Alhamdulillahi peke yake, bila neno la pili, muuguzi alimpigia. Kazi ya muuguzi iliongezeka. Ilibidi iongezeke.

Nitagusa kwa ufupi simu iliyo mkononi mwa mhudumu mwenyewe, kwa sababu si mgonjwa tu anayesahau. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vituo vya afya 107 vya mashambani, vikiwemo vya huku kwetu Pwani na vya magharibi ya Kenya. Wahudumu walitumiwa ujumbe mfupi kwa miezi sita, kuwakumbusha namna ya kumtibu mtoto mwenye malaria. Idadi ya watoto waliotibiwa kwa usahihi ilipanda kwa pointi 23.7 za asilimia mara tu baada ya kipindi hicho, na miezi sita baadaye, hata ujumbe ulipokuwa umekoma, tofauti ilikuwa bado pointi 24.5. Mafunzo ya hotelini, yenye posho na chai ya saa nne, ni machache yanayoweza kuonyesha tunda kama hilo.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta hasa.

Watu wa mwambao huu waliishi kwa upepo. Msafiri aliyeondoka na kusi hakujua atarudi lini, na kabla ya kupanda chomboni alikwenda kwa mtu anayemwamini akamwachia fedha, vito vya mkewe, hati ya shamba. Hiyo ndiyo amana. Na amana ina sheria zake, zilizofunzwa katika darsa za mji huu kwa karne nyingi, na asili yake ni amri ya Suratun-Nisaa, aya ya 58, kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe. Aliyewekewa haruhusiwi kuitumia. Akiitunza vizuri na ikapotea bila uzembe wake, hadaiwi. Lakini akiitia katika biashara yake bila idhini, hata kwa siku moja, hata kwa nia ya kuirudisha na faida, tangu saa hiyo ameingia katika dhamana: lolote litakaloifika ni juu yake.

Sikilizeni jinsi sheria hiyo inavyotufaa. Mgonjwa anapomwambia muuguzi «nina kisukari», amempa nini? Hakumpa zawadi. Hakumwuzia bidhaa. Amemwekea amana, kwa kazi moja, nayo ni kutibiwa. Neno hilo likitoka kwa muuguzi likaingia katika simu, likatoka katika simu likaingia katika kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo, likatoka huko likawa sehemu ya ripoti, ya tangazo, ya programu mpya inayouzwa, bado ni la nani? Bado ni la bibi yule wa Kisauni aliyejifunika leso.

Nieleweke vizuri, kwa sababu mimi ni mtafiti na napenda data kama mvuvi anavyopenda bahari. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha kazi kubwa kuhusu malaria na safari za watu nchini Kenya. Watafiti walichukua kumbukumbu za simu za wateja karibu milioni 15, za tangu Juni 2008 hadi Juni 2009, wakafuata jinsi simu zilivyohama kutoka mnara mmoja hadi mwengine, kisha wakazilinganisha na ramani za malaria. Wakaonyesha jinsi vimelea vinavyosafiri ndani ya damu za watu kutoka upande wa Ziwa Victoria hadi Nairobi, jambo ambalo hakuna mbu angeweza kulifanya kwa mbawa zake. Hiyo ni elimu yenye manufaa makubwa: inaifunza serikali ipige wapi ili ugonjwa upungue kwengine.

Majina yaliondolewa. Watafiti walifanya kwa uangalifu, nami siwalaumu. Lakini kati ya wenye simu karibu milioni 15, ni nani aliyeulizwa? Na je, kuondoa jina kunatosha? Mwaka uliofuata, 2013, watafiti wengine walichunguza kumbukumbu za simu za watu milioni moja na nusu zilizokusanywa kwa miezi 15, zisizo na majina. Waligundua kwamba pointi nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu.

Pointi nne! Nizitaje? Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Likoni, anangoja feri. Saa mbili, Mwembe Tayari. Adhuhuri, langoni mwa hospitali ya Makadara. Usiku, Mtongwe. Hapana jina hapo. Lakini mke wake akiiona safari hiyo atamjua, na mwajiri wake atamjua, na wote wawili watauliza: Makadara alikwenda kufanya nini?

Nchi yetu imeshalipitia jambo hili mahakamani. Februari 2015 lilitolewa agizo kwamba watu wanaoishi na VVU, watoto wa shule wakiwemo, wakusanywe katika orodha. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwamba serikali ipange huduma. Watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha iliyo katika Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 2010. Miaka mitatu baadaye ikapita Sheria ya Kulinda Data ya 2019, ambayo inaitia hali ya afya ya mtu katika data nyeti, na mwaka 2020 akaapishwa Kamishna wa kwanza wa Data. Sheria tunayo, nami naishukuru. Lakini sheria hiyo haikuwapo nyumbani kwa bibi siku mtoto aliposoma, na hata kama ingekuwapo, isingemwambia fundi wetu achague neno gani.

Wafanyabiashara wenzangu wa mji huu, nilikuwa nikiwangoja nyinyi.

Binti mmoja alinieleza habari ambayo pengine imewapata na jamaa zenu. Aliingia duka la dawa mjini, akanunua dawa ambayo msichana asiyeolewa hapendi ijulikane ameinunua, akalipa kwa simu kama tunavyolipa sote. Jina lake na nambari yake zikabaki kwa muuzaji. Wiki mbili baadaye alipokea ujumbe wa kumkaribisha tena, wenye kumtajia dawa ileile kwa bei ya punguzo. Simu ilikuwa mkononi mwa kaka yake, anacheza mchezo.

Muuzaji yule hakuwa mwizi. Alitaka wateja warudi, kama mnavyotaka nyote. Alikuwa amesoma pahala kwamba mteja wa zamani ni nafuu kuliko mteja mpya. Lakini nambari ile alipewa kwa kazi moja, kulipia. Yeye akaitia katika kazi ya pili. Ameingia katika dhamana, na pengine mpaka leo hajui.

Wasomi wa maadili ya biashara wamebishana kwa nusu karne na zaidi. Milton Friedman alisema mwaka 1970 kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, madamu inafuata kanuni za mchezo. Edward Freeman akaja mwaka 1984 na hoja kwamba biashara ina wadau wengi wanaoguswa nayo, si wenye hisa pekee. Mimi nadhani katika tiba mjadala huo unamalizwa mapema na jambo moja: mgonjwa hawezi kujadiliana bei akiwa na homa. Anayeuza samaki Kongowea anapatana na mnunuzi aliye mzima, ambaye akikataa atakwenda meza ya pili. Mgonjwa anakwenda wapi?

Na biashara huingia katika tiba kwa mlango ambao hata fundi haoni. Nchini Marekani palikuwa na programu iliyotumiwa katika hospitali kuchagua wagonjwa wanaohitaji uangalizi wa ziada. Haikuulizwa rangi ya mtu. Iliangalia gharama: ambaye matibabu yake yaligharimu fedha nyingi ndiye aliyehesabiwa mgonjwa zaidi. Inasikika kama busara, sivyo? Lakini mtu mweusi wa huko, kwa ugonjwa uleule, matibabu yake hugharimu fedha kidogo, kwa sababu huduma humfikia kidogo. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kasoro hiyo ikirekebishwa, sehemu ya wagonjwa weusi wanaostahili msaada wa ziada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi asilimia 46.5. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walipima fedha wakadhani wamepima maumivu.

Sasa tafakarini programu kama hiyo ikiletwa hapa. Mama wa Kisauni mwenye presha, ambaye mwezi huu hakwenda kliniki kwa kukosa nauli, kwa hesabu ya gharama ataonekana mzima kabisa. Hana risiti hata moja.

Kuna dhuluma nyengine ya kimyakimya, nayo ni mradi unaokufa. Uganda, nchi jirani, ilifika mahali pa kusimamisha miradi mipya ya majaribio ya afya kwa njia ya simu, mwezi Januari 2012, kwa sababu ilikuwa imezidi mno: kila mfadhili na programu yake, kila programu na fomu zake, na hakuna inayosemezana na nyengine. Sisi hatukufika huko, lakini mama zangu wahudumu wa afya mlioketi mbele hapa mnajua ninachosema. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowakabidhi wahudumu wa jamii zaidi ya 100,000 vifaa vyao vya kazi, wengi wenu mnatembea na simu ya serikali. Na kabla ya hiyo mlikuwa na ya nani? Na kabla ya hiyo?

Mmoja wenu alinionyesha daftari lake. Nimeomba ruhusa yake kulisimulia. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada limeshikwa kwa utepe wa kanda. Ndani yake ameandika kwa kalamu ya bluu kila nyumba, kila mja mzito, kila mtoto aliyekosa chanjo. Nikamwuliza: mama, si ulipewa simu ya mradi? Akasema: «Nilipewa. Mradi ulipokwisha walikuja kuichukua, na watu wangu wote wamo mle ndani. Tangu siku hiyo naandika mara mbili.»

Watu wangu wote wamo mle ndani. Je, wako wapi leo? Katika kompyuta ya nani? Waliwekwa amana na mwanamke aliyekwenda kwa miguu mlango kwa mlango juani, na hakuna aliyerudi kumwambia zimehifadhiwa wapi. Katika andiko la kuomba fedha za mradi ule, sina shaka, palikuwa na ukurasa mzima wa maadili.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoko Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimejenga kwa miaka mingi desturi ya kuwa na wawakilishi wa jamii, watu wa vijijini wanaoelezwa utafiti kabla haujaanza na wanaorudisha maswali ya wenzao. Ni kazi ya polepole na ya gharama. Nawaomba wanafunzi mnaoandika mapendekezo ya utafiti mwaka huu mwende mkaione kwa macho, kwani Kilifi ni mwendo wa saa moja na nusu tu kwa matatu.

Na mkirudi, andikeni katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo lenu, si katika viambatisho, majibu ya haya: simu ya nyumba hii husomwa na nani? Ujumbe ukisomwa kwa sauti, wageni watasikia nini? Neno la ridhaa mmelisoma kwa Kiswahili gani, cha ofisini au cha barazani? Na siku fedha zitakapokwisha, taarifa za watu zitarudishwa kwa nani, tarehe gani, na nani atakwenda kuwaambia wenyewe? Mimi nimo katika jopo linalosoma mapendekezo hayo. Nitaanza kuyasoma kutoka hapo.

Namalizia kwa bibi yetu, maana wengi mtataka kujua. Mara ya tatu nilipokwenda kwake sikwenda na ujumbe uliokwisha kuandikwa. Nilimwuliza yeye: kliniki ikitaka kukujulia hali, na simu iko mkononi mwa mjukuu, isemeje? Alifikiri kidogo, akacheka, akasema iandikwe hivi: «Bi mkubwa, masalkheri. Leo wapita huku?» Mtu yeyote akisikia atadhani ni jirani. Kama hajisikii vizuri atajibu kwamba leo hapiti, na muuguzi atajua ampigie. Akaongeza sharti moja, kwamba muuguzi akipiga ampe yule mtoto salamu kwanza, kwa sababu tangu siku ile ya wageni mtoto amekuwa akiogopa kuishika simu.

Muuguzi alipiga Ijumaa, baada ya alasiri. Mtoto ndiye aliyepokea.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.